Mpini wa kisu wa mpingo, pembe na shaba: kuuunga na kuuchonga

Mpini wa vipande vingi husifiwa kwa rangi zake, lakini uimara wake wote uko kwenye maungio. Mpingo huvuta unyevu na kuuachia polepole, pembe hujikunja ikikauka, na shaba haina habari na unyevu ila hutanuka ikipata joto. Ukiviweka vitatu hivi pamoja bila maandalizi, gundi itavishikilia kwa muda, kisha masika yakipita utakuta ufa unaoingia ukucha. Ndiyo maana nusu kubwa ya mwongozo huu ni kukausha, kusawazisha na kuunganisha. Umbo linakuja baadaye, na mwenye subira atalipata tu.

Mfano wetu ni kisu cha kukatia nyama choma, chenye bamba la urefu wa kama sentimita 17, lililofuliwa kutokana na springi ya gari. Wahunzi wa Mamba, upande wa Marangu, wamefua visu na mikuki tangu enzi za mababu, na Arusha mafundi chuma unawapata eneo la Unga Limited. Ukiagiza bamba, mwambie fundi akuachie msuka mrefu, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, na asiupe ugumu kama anaoupa upande wa makali. Msuka uliokomazwa mno hautobolewi na drili ya kawaida, tena huvunjika kisu kikianguka. Hapa nachukulia msuka wa urefu wa milimita 90, upana 10, unene 4.

Mpini wenyewe una milimita 120. Kuanzia kwenye bamba kwenda nyuma: shaba ya njano milimita 5, ngozi 3, pembe 20, shaba nyembamba 1.5, mpingo 75, shaba nyembamba nyingine 1.5, na pembe ya kitako 14. Hivyo ni vipimo vya mkono wa kawaida wa mtu mzima. Ili upate vya kwako, pima upana wa kiganja bila kidole gumba, ongeza milimita 20 au zaidi kidogo, kisha ongeza au punguza kwenye mpingo tu.

Kutafuta vifaa

Mpingo nenda kwa wachonga vinyago, Arusha au Moshi. Salimia vizuri, "Shikamoo mzee, naomba uniuzie vipande vilivyobaki, visivyo na ufa," na mara nyingi utapewa nafasi ya kuchagua mwenyewe. Chagua kwa spiriti. Pangusa kipande kwa kitambaa kilicholowa, halafu kitazame kikikauka: uso unakauka upesi, lakini penye ufa mstari mwembamba unaendelea kung'aa kwa sekunde chache, kwa sababu spiriti imeingia ndani. Huo ndio ufa ambao jicho lilikuwa halijauona. Ukimwona ana kipande chenye ganda la rangi ya krimu pembeni mwa kiini cheusi, kichukue. Mstari ule wa rangi mbili ukikaa mgongoni mwa mpini unapendeza kuliko pambo lolote la kununua.

Mpingo ni mti unaozama majini, na unahitaji miaka 70 na zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa. Mwaka 1996 mwanamimea Sebastian Chuwa wa Kilimanjaro na Mmarekani James Harris walianzisha mradi wa kuupanda upya huku kwetu, na kila kipande kidogo kinachotupwa karakanani ni hasara kwa kazi ya namna hiyo. Vipande vya mabaki vinatosha kabisa kwa mpini, kwa hiyo hakuna sababu ya kukata gogo jipya. Kumbuka pia kwamba tangu 2017 miti ya jamii ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mteja wako akitaka kusafiri na kisu nje ya nchi, muulizie kwanza kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Kama huna mpingo, mti wa loliondo unafaa, na kwa watu wa Moshi ipo miti ya kahawa iliyozeeka na kung'olewa shambani: ni migumu, ya rangi ya maziwa, yenye nyuzi zilizobanana.

Pembe iwe ya ng'ombe. Pembe au mfupa wa swala, pofu, nyati au mnyama mwingine wa porini ni nyara za serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na meno ya tembo hata yasitajwe karakanani. Sehemu unayoitaka ni ile ya karibu na ncha, isiyo na uwazi ndani, kwa hiyo tafuta pembe ya fahali mkubwa. Ichemshe mpaka mfupa wa ndani uachie, kata sehemu nzima, kisha iache kivulini. Usiianike juani, itajikunja.

Shaba ya njano utaipata kwa wauza chuma chakavu na kwa mafundi wa rejeta. Hawa wa rejeta pia wana fito za kuchomelea shaba, za milimita 2.4 na 3.2, nazo ndizo pini zetu. Ukiletewa shaba nyekundu inayofanana na nyaya za umeme zilizokatwa nguzoni, usiiguse. Ngozi iwe ile ngumu ya soli. Usitumie plastiki ya ndoo wala ya dumu kama ukanda wa katikati, kwani epoksi, ile gundi ya sehemu mbili tutakayoitumia, haiishiki kabisa. Itabanduka siku ya kwanza utakayoipiga tupa.

Kujua kama mti na pembe vimekauka, vipime kwenye mzani mdogo wa jikoni mara moja kwa wiki na uandike uzito. Uzito ukiacha kushuka, vimekauka. Vilivyonunuliwa wakati wa mvua vinaweza kuchukua miezi. Vipake nta kwenye ncha mbili ili visipasuke vikiwa vinasubiri.

Hatua ya 1: Mabega

Pale bamba linapoishia na msuka kuanza kuna mabega mawili, na shaba ya mbele inakaa juu yake. Bana bamba kwenye jiriwa kati ya vyuma viwili vilivyonyooka, mabega yote mawili yakichungulia kidogo sana juu ya vyuma, kisha piga tupa mpaka tupa iguse vyuma pande zote. Kona ya ndani, mahali bega linapokutana na msuka, izungushe kidogo kwa tupa ya mviringo. Kona kali ndipo chuma kinapoanzia kukatika.

Kuanzia hapa makali yafungwe kwa boksi la karatasi na selotepu mpaka kazi iishe.

Hatua ya 2: Matundu

Shaba ya mbele ndiyo inayoonekana, kwa hiyo tundu lake lazima libane. Chora umbo la msuka, piga alama kwa senta (chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo), toboa matundu matatu ya milimita 3.2 yanayofuatana, kisha yaunganishe kwa tupa ndogo bapa. Jaribu, toa, piga tupa mara mbili tatu, jaribu tena. Shaba ikifika mabegani, inyanyue mbele ya dirisha: ukiona mwanga kati yake na msuka, gundi itaonekana hapo siku zote kama mstari wa manjano. Ukiwa umekata kupita kiasi, ni afadhali uanze kipande kipya, maana hapo ndipo kila mtu atatazama kwanza.

Kwenye pembe na mpingo tundu liwe na nafasi kidogo, kama nusu milimita kila upande, ili gundi ipate pa kukaa. Mpingo unahitaji kina cha milimita 61, basi zungushia biti selotepu kwenye kipimo hicho. Toboa taratibu na toa biti mara kwa mara kuondoa unga. Ukisikia harufu ya kuungua, biti imekuwa butu. Inoe au ibadilishe, kwa sababu joto hupasua mpingo kwa ndani. Kuunganisha matundu ya ndani tumia kipande cha msumeno wa chuma kilichopunguzwa upana, ukisukuma na kuvuta.

Vaa barakoa tangu sasa. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua cha watu wengi, na la pembe halifai kuvutwa hata kidogo. Usivae glavu mbele ya drili inayozunguka.

Hatua ya 3: Nyuso

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiharakishe.

Omba kipande cha kioo kinene kwa mafundi vioo, mabaki yao huwa mengi. Bandika juu yake msasa namba 120. Kwenye uso wa kila kipande chora mistari, chaki kwenye mpingo na kalamu ya maka kwenye shaba. Kisha sugua kwa mzunguko wa namba nane, ukikizungusha kipande mkononi kila baada ya misuguo michache, kwa sababu mkono wa kila mtu huegemea upande mmoja. Mistari ikifutika yote kwa pamoja, uso umenyooka. Ikibaki katikati, uso una shimo. Ikibaki pembeni, umeviringa.

Pima pia unene kwenye kona nne kwa kalipa. Uso unaweza kuwa umenyooka lakini umelala, na vipande saba vilivyolala kidogo kidogo vinatoa mpini uliopinda.

Sasa shika vipande viwili vilivyogusana, vinyanyue kwenye mwanga wa mlango. Mwanga ukipita popote, rudi kwenye kioo. Watu husema gundi itaziba. Gundi huziba, lakini haishiki vizuri inapokuwa nene, na ndiyo inayotangulia kupasuka. Nyuso zikishakubaliana, zikwaruze kwa msasa namba 80, hasa shaba. Shaba laini huiachia gundi.

Hatua ya 4: Pini za kitako

Msuka wetu wa milimita 90 unaishia ndani ya mpingo, haufiki kwenye shaba ya nyuma wala pembe ya kitako. Vipande hivyo viwili visiachiwe gundi peke yake. Toboa matundu mawili ya milimita 2.5, kina cha milimita 10 ndani ya mpingo na 10 ndani ya pembe, yapitie shaba katikati. Ili yalingane, toboa shaba kwanza, kisha itumie kama kiongozi kwa pande zote mbili. Pini ziwe fupi kidogo kuliko jumla ya matundu, zisije zikazuia nyuso kugusana.

Hatua ya 5: Kupanga bila gundi

Vaa vipande vyote kwenye msuka, bana, tazama kwa jicho moja kutoka kitakoni kuelekea nchani. Mgongo wa bamba na mstari wa katikati wa mpini viende pamoja. Ukiridhika, toboa tundu la milimita 3.2 linalopita ubavuni mwa mpingo na kwenye msuka, kama milimita 45 kutoka mabegani. Pini hiyo ndiyo kinga ya mwisho endapo gundi itachoka.

Hatua ya 6: Gundi

Tumia epoksi ya kukauka kwa saa 24. Ile ya dakika tano haivumilii maji na joto, na vipande ni saba. Itaanza kuganda ukiwa kwenye cha nne. Ngozi ilowanishe kwa supa gluu nyepesi siku moja kabla, iwe ngumu, isinywe mafuta ya nyama. Baada ya kukauka isawazishe tena kwenye kioo.

Mpingo una mafuta yake ya asili yanayosukuma gundi. Usafishe kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka, ndani ya tundu pia, na usiuguse tena kwa vidole. Shaba na msuka vivyo hivyo.

Hali ya hewa ihesabu. Moshi mwezi wa pili, mchana wa joto, gundi iliyokorogwa huwahi kukaza, basi fanya kazi asubuhi. Arusha iko juu kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai kuna baridi ya kweli. Huko acha kisu ndani ya nyumba siku mbili kabla ya kukigusa.

Kwenye kifuniko kisafi, koroga sehemu ya gundi na ya hadina, yaani ile inayoikaza, kama boksi linavyoelekeza, kwa dakika mbili kamili, ukikwangua pembeni mwa kifuniko. Jaza tundu la mpingo kwa kijiti, ukipandisha gundi kutoka chini ili hewa itoke. Paka nyuso zote mbili za kila ungio, safu nyembamba. Vaa vipande kwa mpangilio, ingiza pini. Kisha bana kwa klempu ndefu, au kata tyubu ya baiskeli vipande virefu na ufunge kutoka kitakoni hadi kwenye shaba ya mbele, ukivuta kwa nguvu ya wastani. Gundi itoke kidogo kila ungio. Ukibana mno unaitoa yote, na ungio linabaki kavu.

Dakika kumi baadaye rudi na kijiti kilichochongwa bapa, kikiwa kimefungwa kitambaa chenye spiriti. Futa gundi iliyojitokeza pale shaba inapokutana na bamba, mpaka kona iwe safi. Ikishakauka hapo, kuitoa bila kukwaruza chuma ni kazi ya nusu siku.

Hatua ya 7: Umbo

Unacho kigogo cha pande nne. Kitazame kwanza kwa ubavu, chora mstari wa mgongo na wa tumbo, kata kwa msumeno na tupa kubwa. Kisha kwa juu, chora unene. Pande hizo mbili zikiwa sahihi, ndipo uanze kuviringisha.

Mpini wa kisu usiwe mviringo kamili. Uwe wa umbo la yai, upande mwembamba ukielekea makali, ili hata gizani au mkono ukiwa na mafuta ujue makali yako wapi bila kutazama. Upana wa milimita 28 na unene wa 23 ni mwanzo mzuri. Acha uvimbe kidogo katikati unaojaza kiganja, bonde dogo mbele kwa kidole cha shahada, na kitako kinachopanuka. Kisu cha nyama choma hushikwa na mkono unaoteleza, na kitako kilichopanuka ndicho kinachozuia kisichomoke.

Chonga kwa kupunguza kona: kutoka pande nne upate nane, kutoka nane upate kumi na sita, kisha ufute kona kwa msasa mrefu unaovutwa kama kamba huku na huku. Ukifuata utaratibu huu pande zote mbili zinalingana. Shika mpini mara kwa mara, fumba macho, jifanye unakata. Mahali panapokusumbua weka alama ya chaki, piga tupa hapo tu. Mpe na mtu mwingine ashike, hasa huyo atakayekitumia.

Tupa iende kwa mshazari ikivuka vipande viwili au vitatu kwa mpigo mmoja, isibaki juu ya kipande kimoja. Pembe na mti huliwa haraka kuliko shaba. Ukikaa juu ya mti peke yake, shaba itabaki imenyanyuka na kidole kitaihisi kama tuta. Ukitumia grenda yenye msasa, gusa na uachie. Shaba hupokea joto haraka na kulipeleka kwenye gundi, na epoksi nyingi za kawaida hulainika kuanzia nyuzi joto 60 hivi. Ikikuwia vigumu kushikilia shaba kwa kidole, simama ipoe. Pembe ikinuka nywele zilizoungua, umeshachelewa kusimama.

Hatua ya 8: Msasa

Anza na 120, kisha 180, 240, 400 na 600, kila namba ifute mikwaruzo ya iliyotangulia kabla hujaendelea. Msasa uwe umezungushiwa kijiti kigumu, kamwe usitumie kidole kitupu, kwa sababu kidole kinazama kwenye mti na kuacha mabonde kando ya shaba.

Vumbi la shaba ni jeusi na linaingia kwenye vinyweleo. Kwenye mpingo halionekani. Kwenye pembe nyeupe, mfupa au mti wa kahawa linaacha kivuli kichafu ambacho hakitoki. Kwa hivyo vitu vyeupe vipake kwanza supa gluu nyepesi ili vinyweleo vizibe, sugua kwa urefu wa mpini na siyo kwa kuuzunguka, na pangusa kwa spiriti kila unapobadilisha namba. Mimi kisu cha kazi sikiwekei mfupa. Unanywa mafuta ya nyama na kugeuka manjano. Mfupa nauacha kwa kisu cha zawadi.

Hatua ya 9: Mafuta na nta

Mpingo hauhitaji vanishi. Baada ya 600, sugua kwa kitambaa kikavu mpaka ung'ae wenyewe, kisha nta. Yeyusha sehemu moja ya nta ya nyuki na sehemu tatu za mafuta ya linsidi kwenye kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, usiweke kopo juu ya moto wenyewe. Paka nyembamba, acha robo saa, futa yote, rudia kesho yake. Mafuta ya kupikia hayafai, yanabaki yakinata na kunuka. Vitambaa vyenye linsidi vitandaze nje vikauke au vitie ndani ya maji. Vikikunjwa na kutupwa pembeni vinaweza kuwaka moto vyenyewe.

Kisu kisilowekwe kwenye beseni na vyombo vingine. Kioshwe kwa mkono, kifutwe papo hapo. Baada ya masika ya kwanza pitisha ukucha kwenye kila ungio. Ukihisi ufa mdogo kwenye mpingo, ujaze unga wa mpingo uliouhifadhi wakati wa kupiga msasa, dondoshea supa gluu nyepesi, subiri ikauke kabisa, kisha msasa 400 na nta tena. Ukihisi kipande kinacheza, usiongeze gundi juu: toa pini, pasha shaba joto taratibu mpaka epoksi iachie, safisha nyuso, na urudi kwenye kioo.